Mazda RX-8: nani hasa anaiua injini ya rota?

Asubuhi injini inawaka ukigusa tu ufunguo. Mchana, baada ya safari ya nusu saa, unazima ujaze petroli. Ukirudi kuwasha, stata inazunguka weee, hakuna kitu. Unasubiri dakika 40 ipoe, inawaka kama vile haikuwa na shida. Mwenye Mazda RX-8 akieleza hivyo gerejini, fundi wa injini za pistoni ataanza na pampu ya mafuta, betri, au sensa ya krenki. Fundi aliyezoea rota atauliza swali moja kwanza: koili, zile zinazozipa plagi umeme wa cheche, zilibadilishwa lini?

Wengi wamesikia kwamba injini ya rota "inakula sili", vile vipande vyembamba vinavyoziba mianya kati ya rota na kuta zake. Ni kweli sili hufa. Ila kwenye RX-8, sili iliyokufa kwa kawaida ni maiti iliyookotwa mwisho wa mkasa, na mkasa wenyewe ulianzia kwingine: kwenye koili, kwenye masega ya ekzosi (katalisti inayosafisha moshi), kwenye oili. Hata miito ya kiwanda ya kurudisha magari imechanganywa na ugonjwa huu, ilhali mingi haikugusa rota kabisa.

Tuanze na chuma chenyewe. Humo ndani hakuna pistoni wala valvu. Kuna rota ya pembetatu yenye pande zilizotuna, inayozunguka ndani ya hauzingi, yaani kasha, yenye umbo la ganda la karanga la punje mbili. Kila uso wa rota hufuata zamu yake: kuvuta hewa na mafuta, kubana, kulipuka, kutoa moshi. Shafti ya kati huzunguka mara tatu kila rota inapozunguka mara moja, kwa hiyo dashibodi ikisoma mizunguko 9,000 kwa dakika, rota yenyewe iko 3,000. Injini ya RX-8, inayoitwa 13B-MSP au Renesis, ina rota mbili za cc 654 kila moja. Kila rota ina sili 3 za ncha zinazosugua ukuta wa hauzingi, sili 6 za upande na sili 6 za kona. Kwa rota mbili ni vipande 30, na kila kimoja kinasukumwa na springi yake. Kompresheni yote ya gari, yaani mbano wa hewa na mafuta ndani ya injini, inategemea vipande hivyo.

Ringi ya pistoni hulainishwa na oili inayorushwa kutoka chini. Sili ya ncha haina bahati hiyo. Lazima ipelekewe oili yake. Pampu ndogo ya kupimia huchota oili kutoka kwenye sampu na kuidondosha ndani ya chemba, ikaungue pamoja na petroli. Injini ya rota inachoma oili kwa makusudi. Anayekwambia RX-8 yake haipunguzi oili kabisa, ama hapimi, ama pampu yake imekufa.

Ugonjwa wa sili haukuwa wa Mazda peke yake. NSU ya Ujerumani, ambako Felix Wankel aliendeleza wazo lake, ilitoa Ro 80 mwaka 1967. Sili zake zilichakaa haraka, na kiwanda kikawa kinabadilisha injini nzima chini ya dhamana. Inasimuliwa kwamba madereva wa Ro 80 wakipishana barabarani walikuwa wakionyeshana vidole: idadi ya injini walizokwisha kubadilishiwa. Gharama hizo zilichangia kuimaliza NSU, na mwaka 1969 ikaunganishwa na Auto Union chini ya Volkswagen. Citroën ilifika mbali zaidi. Ilitengeneza GS Birotor 847 kati ya 1973 na 1975, kisha ikawaomba wateja wayauze magari hayo kiwandani, yakavunjwavunjwa ili isilazimike kuweka vipuri. Kama kuna wito wa kurudisha magari ulioshinda yote, ni huo.

Mazda ilivumilia. Kundi la Kenichi Yamamoto lilimaliza tatizo la mikwaruzo ya mawimbi kwenye ukuta wa hauzingi, iliyopewa jina la kucha za shetani, na Cosmo Sport ikaingia sokoni mwaka 1967. Mwaka 1991 gari la 787B lenye rota nne likashinda mbio za Le Mans. Kwa hiyo hoja kwamba rota kwa asili haiwezi kudumu haina miguu. Saa 24 za Le Mans si mchezo. Swali ni nini kilibadilika kwenye gari la mtaani.

Kilichobadilika ni mlango wa moshi. Kwenye 13B za zamani, moshi ulitokea kwenye ukuta wa hauzingi, mahali sili ya ncha inapopita. Renesis ilihamishia milango hiyo kwenye bamba za pembeni. Faida yake ni kubwa: mlango wa hewa na wa moshi haviko wazi kwa wakati mmoja, mafuta mabichi hayatoroki, na hewa chafu inapungua. Injini hiyo ilitwaa tuzo ya Injini ya Mwaka ya kimataifa mwaka 2003. Gharama yake ni kwamba sasa moshi wa moto hupita ubavuni mwa sili za upande, ambazo ni nyembamba na hazina nafasi ya kupoa. Masizi nayo hujikusanya kwenye mifereji yao. Sili ya upande ikinasa kwenye mfereji, haisukumwi tena na springi yake, na kompresheni inapungua bila kitu chochote kuvunjika.

Hapo ndipo RX-8 inapoachana na dada yake, RX-7 ya 1992 hadi 2002. RX-7 hiyo ilikuwa na turbo mbili, na ikipata noki, yaani mlipuko wa kabla ya wakati, sili ya ncha yenye unene wa milimita 2 huvunjika papo hapo, na kipande chake huikwangua hauzingi na kupita kwenye turbo. Kifo cha sekunde moja. RX-8 haina turbo na ni nadra ivunje sili. Yenyewe hunyauka. Anayetumia ushauri wa RX-7 kwa RX-8 anatibu mgonjwa mwingine.

Mnyororo wenyewe

Koili ziko nne, moja kwa kila plagi, na kila rota ina plagi mbili: ya chini inayowasha kwanza na ya juu inayofuatia. Kwenye injini ya pistoni, plagi hupiga cheche mara moja kila mizunguko miwili ya krenki. Kwenye rota, hupiga kila mzunguko wa shafti. Ukiwa kwenye 9,000, kila koili inapiga cheche 150 kwa sekunde moja. Injini ya kawaida iliyo kwenye 6,000 inapiga 50. Na koili hizo zimekaa juu ya injini, kwenye joto. Hazifi kwa mpigo. Hudhoofika. Cheche inakuwa hafifu kwenye mizunguko ya juu na injini inamisi kidogo kidogo, kiasi ambacho dereva hudhani ni petroli mbaya.

Petroli ambayo haikuungua haipotei. Inaingia kwenye masega ya katalisti, yaliyo chini ya sakafu, na kuungua humo. Masega yanapata moto kupita kiasi, yanayeyuka, yanaziba. Moshi ukikosa pa kutokea, joto linarudi kwenye milango ya pembeni, ubavuni mwa sili zile zile tulizozitaja. Springi zake zinalegea, masizi yanaongezeka, kompresheni inashuka. Miezi kadhaa baadaye gari linakataa kuwaka likiwa la moto, kwa sababu joto likipanda oili inakuwa nyepesi na haizibi tena mianya ambayo asubuhi ilizibika. Mwenye gari anabadilisha stata. Na kwa kweli stata yenye kasi zaidi itaiwasha, maana kompresheni hupanda ikizungushwa haraka. Ndiyo sababu miaka ya baadaye Mazda ilileta stata yenye nguvu kuliko ile ya mwanzo. Ila umepaka tu rangi juu ya ufa.

Kwa hiyo koili nne huhesabiwa kama kitu cha kubadilisha kwa ratiba, kama fan belti. Wazoefu huzitoa zote pamoja kila kilomita 50,000 hadi 65,000, na plagi nne na waya zake pia. Plagi za chini ni NGK RE7C-L, za juu ni RE9B-T, hazibadilishani. Zinafikiwa kutoka upande wa kushoto wa gari, karibu na tairi la mbele, na hukazwa kwa Nm 13 hadi 17 tu kwa kuwa hauzingi ni ya alumini. Kosa la kila siku gerejini ni kupishanisha waya za juu na za chini. Injini itawaka, itatembea, na itayachoma masega mapya ndani ya wiki chache.

Masega yenyewe hupimwa bila kuyafungua. Toa sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji ya shinikizo kwenye tundu lake, shikilia injini kwenye mizunguko 2,500. Ikipita kPa 20, njia imeziba. Dalili za bure ni sakafu inayounguza miguu, harufu ya mayai viza, na gari linalokosa pumzi mizunguko ikipanda.

Baada ya koili na masega, oili ndiyo chanzo cha pili. Gari za 2003 hadi 2008 zina nozeli mbili za oili kwa kila rota, zilizokaa pembeni, hivyo katikati ya sili ya ncha hupata kidogo. Toleo lililoanza na modeli ya 2009 liliongezewa nozeli ya tatu katikati, pampu za umeme, na shinikizo kubwa zaidi la oili. Mabadiliko hayo ni ungamo la kiwanda, ingawa hakuna aliyeliita hivyo. Kwa gari za mwanzo, wamiliki wengi huongeza oili ya tu-stroki yenye majivu kidogo kwenye tangi: mililita 4 kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 240 kwa tangi la lita 60. Mazda haidai kitu hicho, lakini akili iko wazi: oili inaingia na petroli na kufika kote. Usiichukulie kuwa badala ya kupima. Kijiti cha oili huangaliwa kila mara ya pili unapojaza petroli, gari likiwa limesimama mahali tambarare.

Joto la maji ni chanzo cha tatu, na hapa dashibodi inadanganya. Mshale wa joto wa RX-8 umepangwa kukaa katikati kwa upana mkubwa wa nyuzi. Ukianza kupanda, umeshachelewa. Injini hii ni mkate wa tabaka: hauzingi za alumini zimebanwa kati ya bamba za chuma kwa bolti ndefu. Alumini na chuma havitanuki sawa. Ikichemsha mara moja tu, hauzingi inaweza kupinda na mipira ya maji iliyo kati ya tabaka ikaachia, na hapo utaona moshi mweupe mzito na kulanti, maji ya kupoza injini, inayopungua bila kuvuja nje. Kifaa kidogo cha kusoma joto halisi kupitia soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, kina thamani kuliko rimu mpya.

Kiwanda kiliita nini hasa

Kuna aina tatu za karatasi za kiwanda, na watu huziita zote kwa jina moja, wito.

Wito wa usalama ni ule ambao kasoro inaweza kuua mtu. Mwaka 2016 huko Marekani, Mazda iliziita RX-8 za 2004 hadi 2008 kwa sababu joto la ekzosi lingeweza kuharibu ringi inayoziba pampu ya mafuta kwenye tangi, petroli ivuje na gari lishike moto. Mwaka huo huo kukawa na wito wa boljointi za mkono wa chini wa mbele, ambazo zingeweza kupata ufa na kuachia. RX-8 imo pia kwenye orodha ndefu ya mifuko ya hewa ya Takata, na huo ndio wa kushughulikiwa leo hii kuliko yote: inifleta, kifaa kinachoujaza mfuko hewa, iliyozeeka kwenye joto na unyevu inaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaohusu rota, ingawa ule wa pampu ya mafuta umetokana na adui yule yule, joto la ekzosi.

Karatasi ya pili ni ya kompyuta. Mwaka 2006 RX-8 za modeli za 2004 hadi 2006 ziliitwa Marekani ili programu ya injini iandikwe upya na injini yenyewe ipimwe. Huo ndio uliokaribia ugonjwa wenyewe.

Ya tatu si wito kabisa. Ni dhamana. Mwaka 2008 Mazda ilirefusha dhamana ya kiini cha injini huko Amerika Kaskazini hadi miaka 8 au maili 100,000, kwa modeli za 2004 hadi 2008. Injini nyingi zilibadilishwa kwa njia hiyo. Tofauti ni kubwa kwa mfuko wako: wito wa usalama kwa kawaida hufuata gari hata likibadilisha mmiliki mara kumi, dhamana hukatika siku yake ikifika. Kwa gari lililouzwa 2008, ilikatika 2016.

(Kuna karatasi ya nne ambayo haikuhusu kuharibika. Mwaka 2003 RX-8 zilizouzwa Marekani zilionekana kutoa nguvu chini ya ilivyotangazwa. Idadi ikashushwa hadi farasi 238, na Mazda ikawapa wanunuzi chaguo: kurudisha gari, au kubaki nalo wapewe dola 500 na sevisi za bure.)

Kwa RX-8 zilizofika Mombasa au Dar es Salaam zikitoka Japani, kuna kikwazo cha ziada. Gari la soko la Japani halina namba ya tarakimu na herufi 17 kama la Marekani. Lina namba ya chasisi inayoanza na SE3P na kistari. Ukiiweka kwenye tovuti ya Marekani itakataliwa, na kukataliwa huko si ushahidi kwamba gari ni safi. Itafute kwenye ukurasa wa miito wa Mazda Japani, ambako kisanduku cha kujaza kinapokea namba ya chasisi.

Ikilewa petroli

RX-8 ikiwashwa baridi, ikasogezwa mita tano na kuzimwa, inaweza kukataa kuwaka tena. Petroli nyingi ya kuwashia imeosha oili kwenye sili na kulowesha plagi. Hii si injini iliyokufa. Kanyaga mafuta hadi sakafuni, na kompyuta itafunga injekta. Zungusha stata kwa sekunde 10, pumzisha nusu dakika, rudia mara mbili tatu, kisha ujaribu kuwasha kawaida.

Ikigoma, toa fyuzi ya pampu ya mafuta, chomoa soketi za koili zote nne, fungua plagi za chini. Zungusha stata, petroli itaruka kupitia matundu, kwa hiyo usiwe na sigara wala taa ya waya wazi karibu. Kausha plagi, au weka mpya. Tia kama mililita 10 za oili ya injini kwenye kila rota kupitia tundu la plagi, zungusha kidogo isambae, rudisha kila kitu. Betri iwe imejaa au imeunganishwa na ya gari lingine, maana stata inayozunguka polepole haitaiwasha. Ikiwaka itafuka moshi mzito dakika moja mbili. Majirani watalalamika, waache.

Kinga yake ni rahisi: ukiiwasha, iache ipate joto kabla ya kuizima. Na ikishapata joto, ipeleke walau mara moja kwenye mizunguko ya juu kila safari. Masizi hayaondoki kwa kuendeshwa kwa adabu.

Kupima kabla ya kununua

Geji ya kompresheni ya pistoni haifai. Valvu yake ya kuzuia hewa hushika namba kubwa kuliko zote, kwa hiyo uso mmoja mzima utawafichia wenzake wawili wagonjwa. Inahitajika geji ya rota, inayosoma nyuso tatu kila moja peke yake pamoja na kasi ya stata, kisha kurekebisha namba hadi mizunguko 250 kwa dakika. Injini iwe ya moto, mafuta na moto wa plagi vimekatwa, pedali imekanyagwa yote. Kipimo cha Mazda kwa injini mpya ni bar 8.3, cha chini kabisa ni 6.8. Nyuso za rota moja zisipishane zaidi ya bar 1.5, na rota mbili zisipishane zaidi ya bar 1.

Mpangilio wa namba huonyesha kilichokufa. Nyuso mbili zinazopakana zikiwa chini, kuna sili ya ncha iliyoachia, kwa kuwa ncha moja huhudumia nyuso mbili. Zote tatu zikiwa chini kwa usawa, ni uchakavu wa hauzingi na sili kwa ujumla. Uso mmoja tu ukiwa chini, tazama sili ya upande au ya kona. Kwa hiyo muuzaji akikupa karatasi inayosoma 7.4, 7.3 na 5.6 kwenye rota ya mbele, na kusema inawaka vizuri tu asubuhi, anasema kweli. Itawaka asubuhi. Jadili bei kama unanunua bodi na giaboksi, na kabla ya kuagiza injini, fungua masega uone yamebaki kiasi gani, kisha usome namba ya koili: herufi ya mwisho kwenye N3H1-18-100 inaonyesha toleo, na C ni la baadaye kuliko lile lisilo na herufi. Injini mpya iliyofungwa chini ya koili za zamani na masega yaliyoziba inaanza mnyororo ule ule siku ya kwanza.